Mlinzi Aliyerukwa Langoni

Ilikuwa saa tatu usiku, nami nilikuwa nikimsomea mpwa wangu sura ya saba ya mswada wangu. Ana miaka 11. Ndiye msomaji wangu wa kwanza katika kila ninachowaandikia watoto wa rika lake, na huwa anasikiliza akiwa amelala chali, macho yakiwa darini, kana kwamba hadithi inapita huko juu na yeye anaitazama tu.

Sura ile niliipenda kuliko zote. Runa, binti wa mhunzi, amefika usiku kwenye ngome ambamo kaka yake amefungwa. Theluji inaanguka. Pamoja naye yupo mwindaji mzee mwenye upinde mrefu, na langoni amesimama mlinzi mmoja. Mwindaji anavuta upinde, mshale unampata mlinzi kooni, naye anaanguka bila sauti. Kisha inafuata sentensi ambayo niliiona nzuri kwa wepesi wake: "Runa akauruka mwili, akaingia."

Mpwa wangu akageuza uso akanitazama.

"Mjomba, kwa nini amemruka?"

Nikamwambia kwamba Runa alikuwa na haraka, kwa kuwa kaka yake angenyongwa alfajiri. Akasema, "Aa," akarudisha macho darini, nami nikasoma hadi mwisho wa sura. Hakuuliza tena. Nilipozima taa nilidhani jambo limekwisha.

Zimepita wiki sita tangu usiku ule, na ndiyo kwanza naweza kuliandika.

Kiambishi kimoja

Ilinichukua siku mbili kutambua kilichokuwa kinanikera. Mimi nilikuwa nimeandika "akauruka". Ile "u" ni ya mwili, na mwili katika sarufi yetu hukaa pamoja na mti, mzigo na mlango, vitu ambavyo mtu aweza kuviruka vikimzuia njiani. Yeye alikuwa amesema "amemruka". Ile "m" ni ya mtu. Hakukusudia kunisahihisha, na sidhani kama alijua kwamba amebadilisha chochote. Alikuwa amesikia neno "mwili" likisomwa waziwazi, na hata hivyo lililomtoka kinywani lilikuwa neno la kumtaja mtu. Kwake, yule aliyekuwa amesimama langoni sentensi moja iliyotangulia hakuwa bado amegeuka kitu.

Kwangu mimi alikuwa amegeuka kitu hata kabla ya kuanguka.

Nilirudi kwenye mswada nikatafuta nilichokuwa nimempa. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu uso wake, umri wake au sauti yake. Hakuwa na taa, wala joho, wala baridi, ingawa theluji ilikuwa ikimwangukia kama ilivyomwangukia Runa, ambaye nilikuwa nimeieleza baridi yake kwa aya mbili nzima. Mlinzi alikuwa na koo la kupokea mshale na uzito wa kuanguka chini. Basi.

Ipo lugha ambayo kiwakilishi chake kingeniruhusu kuupita uamuzi huu bila kuuona. Kiswahili hakiruhusu. Kila kitenzi chenye kiambishi cha yambwa humlazimisha mwandishi aseme anayetendwa ni nani au ni nini, na mimi nilikuwa nimeshasema, kwa herufi moja, bila kufikiri.

Utetezi wangu

Sikukubali kosa mara moja. Nilijitetea, na utetezi wangu ulikuwa na nguvu, hata leo sioni kwamba ulikuwa wa kijinga.

Hadithi za kale zinajua kuua. Zimwi linakatwa kidole, watu na mifugo waliomezwa wanatoka wazima, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza nani atalizika zimwi. Mtoto anayesikiliza anahitaji kujua kwamba lile kubwa linalotisha linaweza kuanguka, na kwamba anayeliangusha anaweza kuwa mdogo kama yeye. Hadithi za fantasia zilizovaa mavazi ya Zama za Kati, zenye panga, ngome na majoka, zimesimama juu ya msingi huohuo. Ukimwondolea mtoto furaha ya joka kuanguka, umemwondolea alichokuja kukitafuta.

Rafiki yangu mmoja ambaye husoma miswada yangu alinipa hoja hiyohiyo kwa maneno makali zaidi. "Ukimlilia kila askari," alisema, "hatutafika kwenye joka."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku nyingi, kwa sababu ni kweli kwamba kitabu cha watoto kinachokokota miguu ni kitabu kilichokufa. Lakini kila nilipojaribu kumweka mlinzi wangu kwenye kundi moja na zimwi, alikataa kukaa. Zimwi limekula watu. Joka limechoma mashamba. Huyu alikuwa amefanya nini? Alikuwa amesimama kwenye baridi mahali alipoambiwa asimame. Huenda hakumjua hata mfungwa aliyekuwa chini ya ngome, wala sababu ya kufungwa kwake. Zimwi limechagua kazi yake. Mlinzi amepangiwa zamu.

Nikaanza kuona kwamba nilikuwa nimechukua sheria ya zimwi, ambayo ni sheria nzuri, nikamhukumia mtu ambaye si zimwi.

Thelathini

Wakati huohuo, kwa sababu nyingine kabisa, nilikuwa nikisoma kuhusu ngome. Rasimu yangu ilisema kwamba ndani ya kuta zile mlikuwa na "mamia ya askari", na nilitaka kuhakikisha kwamba idadi hiyo inasadikika. Nikafika Conwy, kaskazini mwa Wales, kwenye ngome ya minara minane ambayo mfalme Edward I wa Uingereza alianza kuijenga mwaka 1283. Kuta zake ni nene, na imesimama juu ya mwamba kando ya maji. Yeyote anayeiona picha yake atasema kwamba hapa lilihitajika jeshi zima.

Mwaka 1284 mfalme aliagiza iwe na askari 30.

Thelathini tu. Kati yao 15 walikuwa wapiga upinde wa kufyatulia, na pamoja nao walikuwamo padri, seremala, mhunzi na mwashi. Wakati wa amani kuta ndizo zilizofanya kazi ya jeshi, na watu wachache ndani yake wakazilinda kuta.

Nilisoma idadi hiyo mara tatu, kisha nikafunga kitabu nikatembea chumbani. Watu 30 wanaolala chini ya paa moja majira yote ya baridi hujuana kwa kikohozi. Wanajua nani anakoroma, nani ana deni la mchezo, nani hupewa zamu ya usiku kwa sababu amegombana na mkubwa wake. Mlinzi akianguka langoni, atakayemkuta ni mtu aliyekula naye chungu kimoja jioni ileile. Lakini katika sura yangu ya nane ngome nzima inaamka, kengele zinalia, mienge inawashwa, kila mtu anamtafuta Runa, na hakuna hata mmoja anayeshtuka kwamba mwenzao amekufa. Nilikuwa nimewaandika kana kwamba wote walikuwa wameletwa asubuhi ile kutoka ghalani.

Kisha nikakutana na mwaka 1401, katika ngome hiyohiyo.

Ulikuwa wakati wa uasi wa Owain Glyndŵr, aliyewaongoza watu wa Wales dhidi ya mfalme wa Uingereza. Ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, waliiteka Conwy pamoja na kundi dogo la watu wao. Adam wa Usk, mwandishi wa matukio aliyeishi nyakati hizo, ameeleza kwamba ilikuwa Ijumaa Kuu, askari wakiwa kwenye ibada, na kwamba hila iliyotumika ilikuwa ya seremala aliyejifanya amekuja kwenye kazi yake ya kawaida. Seremala akaingia. Walinzi wawili wakauawa. Ngome ikashikwa kwa miezi kadhaa, mpaka yakafanyika mazungumzo na ndugu wale wakapewa msamaha wa mfalme.

Kama ningelibuni tukio hilo kwa ajili ya kitabu changu, rafiki yangu angenipongeza. Lina kila kitu: kujigeuza sura, ujasiri, siku kuu, lango lisilotarajia. Ni sura yangu ya saba, imetokea kweli, karne sita zilizopita. Na ndani yake wamo wawili ambao simulizi inawataja kwa idadi, wakati ndugu wawili inawataja kwa majina, na baba yao pia, na kisiwa walichotoka.

Seremala alikuwa mtu wa kuja kila siku. Maana yake ni kwamba wale walinzi walimfungulia kwa sababu ya mazoea. Labda walimsalimu.

Hapo ndipo nilipoacha kujitetea.

Daftari tulilorithi

Kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona kwamba wepesi wa sentensi yangu haukuwa wangu peke yangu. Zama za Kati zenyewe zilikuwa na daftari la nani anahesabika kwa jina na nani kwa idadi, na sisi tunaoandika fantasia juu ya zama hizo tumelichukua daftari hilo pamoja na panga na farasi, bila kulifungua.

Mateka wa cheo alikuwa na bei. Mfalme John II wa Ufaransa alipotekwa vitani karibu na Poitiers mwaka 1356, mapatano ya mwaka 1360 yaliuweka ukombozi wake kuwa sarafu za dhahabu milioni 3, zile zilizoitwa écu. Bwana mwenye ngao ya ukoo wake alikuwa salama zaidi akianguka mikononi mwa adui kuliko mpiga upinde aliyesimama nyuma yake, kwa sababu kumuua bwana ni kutupa mali, na kumuua mpiga upinde hakumpotezei mtu chochote. Huo ndio uungwana wa vita tunaousifu katika vitabu vya watoto. Ulikuwepo kweli, na ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulipita palepale aliposimama mlinzi wangu.

Hata hadithi zetu za kijana wa jikoni zimeandikwa katika daftari lilelile. Miongoni mwa masimulizi ya Mfalme Arthur ambayo mchapaji Mwingereza William Caxton aliyapiga chapa mwaka 1485 yupo kijana anayekaa mwaka mzima akifanya kazi jikoni, akidharauliwa, kisha inabainika kwamba ni Gareth, mtoto wa mfalme na mpwa wa Arthur mwenyewe. Nimeisoma hadithi hiyo kwa furaha tangu utotoni, na bado naipenda. Lakini sasa nawafikiria vijana wengine wa jikoni, wale waliokuwepo kabla yake na waliobaki baada yake kuondoka, ambao hawakuwa wana wa mtu yeyote.

Jambo lililonigusa zaidi lilitoka ardhini. Tarehe 27 Julai 1361, nje ya kuta za mji wa Visby katika kisiwa cha Gotland kwenye Bahari ya Baltiki, jeshi la mfalme Valdemar IV wa Denmark liliwashinda wakulima wa kisiwa hicho waliokuwa wamejikusanya kujilinda. Waliokufa walitupwa katika makaburi ya pamoja, baadhi yao wakiwa bado na kofia za deraya za pete za chuma vichwani. Wachimbaji wa karne ya 20 walitoa mifupa ya watu 1,185. Wamo wazee, wamo vilema, wamo vijana ambao mifupa yao haikuwa imemaliza kukua.

Watoto ninaowaandikia wana miaka kati ya 10 na 14. Katika nyumba za mabwana wa zama hizo mtoto wa kiume alipelekwa utumishi akiwa na miaka kama 7, na kwenye miaka 14 alianza kubeba silaha za mkubwa wake. Sikuwa nimempa mlinzi wangu umri. Angeweza kuwa na miaka 16. Angeweza kuwa mkubwa kuliko msomaji wake kwa madarasa machache tu.

Jina halikutosha

Nikaketi kuandika upya, nikifikiri kwamba dawa ni rahisi: nimpe jina.

Nikampa jina, mke, na watoto wawili. Nikampa mama mgonjwa aliyekuwa akimtumia sehemu ya mshahara wake. Nikampa nusu ukurasa mzima kabla ya mshale, akiwaza kuhusu nyumbani na kuhusu siku ambayo angeacha uaskari na kununua shamba. Nilipomaliza nilikuwa na machozi, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka.

Nilimsomea mpwa wangu. Nilipofika kwa mama mgonjwa akasema, bila kutoa macho darini:

"Huyu atakufa."

Nikamuuliza amejuaje.

"Si umesema mama yake anaumwa."

Nililichana lile karatasi usiku uleule. Mtoto wa miaka 11 alikuwa ameona nilichokuwa nafanya kabla yangu: mara ya kwanza nilimtumia mlinzi kama kizingiti, mara ya pili nikamtumia kama kitunguu cha kuwatoa watu machozi. Katika hali zote mbili alikuwepo kwa ajili ya kufa tu. Yale maisha niliyompa hayakuwa yake. Yalikuwa ni mapambo ya mnyama wa kafara.

Kwa wiki nzima baada ya hapo sikuugusa mswada. Nilifikiri pengine rafiki yangu amesema kweli, na kwamba aina hii ya hadithi haina nafasi ya mtu wa langoni, kama vile wimbo wa kumbembeleza mtoto usivyo na nafasi ya hesabu. Nilifikiri hata kumwondoa kabisa, lango liwe wazi, au mlinzi awe zimwi, jiwe linalotembea, kiumbe cha uchawi kisicho na damu. Ni njia inayotumiwa sana, na mara nyingine ni njia halali. Lakini nilijua kwamba kwangu mimi ingekuwa ni kuukimbia usiku ule na swali lile.

Ukurasa mmoja wa mwaka 1954

Kilichonirudisha mezani ni ukurasa niliokuwa nimeusoma miaka mingi iliyopita, katika juzuu ya pili ya The Lord of the Rings, riwaya ya fantasia ya J.R.R. Tolkien. Sam, mtunza bustani anayemsindikiza bwana wake, anayaona kwa mara ya kwanza mapigano ya wanadamu dhidi ya wanadamu, naye hayapendi. Askari mmoja wa jeshi la Kusini, wa upande wa adui, anaanguka karibu naye. Sam anashukuru kwamba uso wa marehemu umegeukia chini. Anajiuliza jina lake ni nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo na vitisho vilivyomleta mbali hivyo na kwao.

Tolkien alikuwa ameipigana vita ya Somme nchini Ufaransa mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na sioni haja ya kuongeza neno juu ya hilo.

Nilichokuwa nimekisahau ni mambo mawili. La kwanza, anayejiuliza ni mtunza bustani. Ukurasa ule haukumpa swali mfalme wala mchawi mwenye hekima. Umempa mtu ambaye, kama angezaliwa upande mwingine wa mpaka, ndiye angekuwa amelala pale. La pili ni kwamba mawazo yale ni sentensi chache tu, na mara baada yake msituni anatokea tembo mkubwa ajabu kuliko wote, akikanyaga kila kitu, na Sam anajawa na mshangao na furaha ya kumwona mnyama aliyekuwa akimsikia katika mashairi. Huzuni na maajabu vimekaa kwenye ukurasa mmoja, wala kimoja hakikukifukuza kingine.

Tulifika kwenye joka, basi, na maiti hakurukwa.

Lango, mara ya tatu

Niliacha kujiuliza maisha ya mlinzi yalikuwaje, nikajiuliza Runa angeweza kuona nini akiwa mahali alipo.

Hilo lilibadilisha kila kitu. Runa hajui kama mtu yule ana mama. Anachojua ni kile ambacho mtu aliyelala kifudifudi kwenye theluji, hatua 40 kutoka langoni, anaweza kukiona kwa mwanga wa mwenge mmoja. Kwa hiyo nilihitaji muda. Mwindaji hawezi kulenga mpaka upepo utulie, na upepo hautulii, kwa hiyo wanalala pale, wanasubiri, na kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama wanamtazama yeye.

Anatembea. Hatua 12 kwenda, hatua 12 kurudi. Anaegemeza mkuki ukutani, anavua glavu moja kwa meno, anapulizia vidole, anaivaa tena kwa shida kwa sababu vidole vimekufa ganzi na kidole gumba hakiingii mahali pake. Anaokota mkuki. Hatua 12. Kila anaporudi, kwenye hatua ya tisa, anaupanua mguu wa kulia kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi, ingawa dimbwi halipo. Runa anaona hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne anaelewa: pale pana jiwe la sakafu lililolegea, nalo hulia likikanyagwa.

Niliandika aya hiyo kwa saa tatu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kitabu hiki sikujua kitakachofuata. Nilikuwa nimemjua mtu yule kwa mguu wake wa kulia. Sikutaka afe. Runa naye hakutaka. Nilimwona akigeuka kumshika mwindaji mkono, na mwindaji akimwambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yake ana saa chache. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo ya haraka mara nyingi katika rasimu ya kwanza, lakini hapo ndipo ilipokuwa na uzito wa kuchagua.

Upepo ukatulia.

Katika rasimu ya kwanza alianguka bila sauti, kwa kuwa nilihitaji kimya. Sasa nilimwacha afanye ambacho mtu aliyechomwa mshale hufanya mara nyingi: hakuanguka. Alikaa chini polepole, mgongo ukutani, akauliza, "Nani?" kama mtu aliyeguswa bega gizani. Lango ni jembamba. Miguu yake imelala katikati ya njia. Runa angeweza kumruka, ni hatua moja tu. Badala yake anabana ubavu kwenye ukuta wa upande wa pili na kupita pole pole, bega likikwaruza mawe, akimtazama usoni kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kutazama. Anapita. Kwenye hatua ya tisa anaupanua mguu wake wa kulia.

Hakuna aliyemfundisha hatua hiyo isipokuwa yeye.

Sura ya nane ilijirekebisha yenyewe baada ya hapo. Runa amejificha chini ya ngazi, zamu inabadilishwa, na askari wa zamu inayofuata anatoka akipiga miayo. Kimya kidogo. Kisha mtu anaita jina. Hapigi kelele ya hatari kwanza, wala haendi kwenye kengele, anaita jina mara mbili, kwa namna mtu anavyomwita rafiki aliyesinzia kazini: "Osrik. We, Osrik." Hapo tu ndipo jina linapoingia kitabuni, kupitia kinywa cha mtu aliyelizoea, na Runa analisikia pasipo kutaka. Kengele inalia baadaye. Msako unaanza baadaye. Na sasa wale wanaomsaka wana sababu yao wenyewe ya kukimbia haraka, jambo ambalo limeifanya sura hiyo kuwa ya kutisha kuliko nilivyoweza kuifanya kwa mamia ya askari wangu wa zamani.

Rafiki yangu ameisoma. Amesema imeongezeka kurasa nne. Hakusema zipunguzwe.

Usiku wa juzi

Nilimsomea mpwa wangu sura zote mbili kwa pamoja. Mahali pa glavu alitoa mkono wake nje ya shuka akautazama. Runa alipokuwa akipita langoni aligeuka akalala ubavu, uso kwangu, na hakurudi darini tena mpaka mwisho.

Jina lilipoitwa akauliza, "Runa amesikia?"

"Amesikia."

"Kaka yake je, atamwambia?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema sijui bado, naye akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu linalotosha kwa usiku mmoja, akaniomba niendelee kwa sababu tulikuwa hatujafika kwa joka.

Jana asubuhi niliupitia mswada wote nikiwa na kalamu nyekundu. Baada ya sura ya nane wamo wengine 11 ambao nimewaua kwa namna ileile, kwa sentensi moja, bila uso. Watatu kati yao niligundua kwamba hawana haja ya kufa kabisa. Nimewaandikia mahali pa kukimbilia. Wawili ni watu wa Bwana wa Kijivu, waliochoma kijiji kwa mikono yao, na nadhani wataanguka kama zimwi linavyoanguka, ingawa hao pia nitawatazama kwanza.

Anayefuata yupo sura ya tisa, darajani. Ameshika taa. Nimeshaona kwamba anaibadilisha mkono kila baada ya muda, kutoka kulia kwenda kushoto, na leo nakaa nimtazame mpaka nijue kwa nini.